Mama Aliyepangiwa Upasuaji Aelezwe Habari za Ganzi Kabla ya Siku Yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo linalowagusa akina mama wengi kila siku, lakini ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini na mara nyingi kwa kuchelewa, nalo ni ganzi anayopewa mama anayejifungua kwa upasuaji uliopangwa, hasa ile iitwayo epidurali. Mimi ni mkunga. Kazi yangu hunipeleka kliniki ya wajawazito, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi, kwa hiyo humwona mama yule yule kabla ya kisu, wakati wa kisu na baada yake. Ninalotaka kusema ni kwamba mama ambaye tarehe ya upasuaji wake imekwisha kuandikwa kwenye kadi ana haki ya kuelezwa habari za maumivu na ganzi siku nyingi kabla ya tarehe hiyo, akiwa ameketi kwenye kiti na nguo zake mwilini, wala si dakika chache kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akiwa amelala juu ya machela huku akishikishwa kalamu asaini fomu.

Upasuaji wa dharura una udhuru wake. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaposhuka, au mama anapomwaga damu, wahudumu hukimbizana na dakika, na maelezo huwa mafupi kwa sababu hakuna namna nyingine. Upasuaji uliopangwa hauna udhuru huo. Mama amepangiwa kwa sababu mtoto ametanguliza matako, au kondo la nyuma limeziba njia, au alikwisha kupasuliwa zaidi ya mara moja huko nyuma, na kama hakuna tatizo linaloharakisha mambo, tarehe huwekwa karibu na wiki ya 39 ya ujauzito, ilhali uamuzi wenyewe umefanyika wiki kadhaa kabla. Katika wiki hizo mama hupimwa damu na mkojo, huangaliwa presha, huambiwa aandae nguo za mtoto na aache kula saa fulani. Ni nani humwambia sindano itachomwa wapi, ataisikia vipi, itadumu muda gani, na nguvu yake ikiisha atapewa nini? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 duniani huzaliwa kwa upasuaji, na kwamba hali ikiendelea hivyo kiwango hicho kitafikia karibu asilimia 29 ifikapo mwaka 2030. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu ongezeko hilo, na mimi ninayo yangu, ila si hoja ya barua hii. Hoja ni kwamba jambo linalowafika wanawake wengi kiasi hicho halifai kuendelea kufundishwa kwa minong'ono ya jirani wa kitanda.

Jina la epidurali linajulikana kuliko kazi yake. Akina mama wengi hulitumia kwa kila sindano ya mgongoni, na baadhi yao huja wakiiomba kwa jina, wakapewa nyingine, wakaondoka wakiamini kwamba wamenyimwa haki yao. Ukweli ni kwamba zipo njia mbili kubwa za kutia ganzi kupitia mgongoni, zinazokaribiana sana mahali zinapochomwa lakini zisizofanya kazi kwa namna moja. Ya kwanza ni sindano ya uti wa mgongo. Mama huketishwa au hulazwa ubavu, akakunja mgongo, na mtaalamu wa usingizi akaingiza sindano nyembamba sana kati ya pingili za kiuno, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne, chini ya mahali ambapo ugwe mgongo, yaani ile neva kuu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, umekwisha kukoma. Dawa kidogo, yapata mililita 2 au zaidi kidogo, huingia moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka mizizi ya neva, kisha sindano hutolewa. Ndani ya dakika chache mama husikia joto likienea, miguu ikawa mizito, na ganzi ikapanda hadi kifuani. Ni dawa ya mara moja: hudumu saa moja na nusu hadi saa tatu hivi, kutegemea aina na kipimo, halafu huondoka.

Epidurali haifiki kwenye maji hayo. Ncha ya sindano yake, ambayo ni nene zaidi, huishia nje ya utando unaoyahifadhi, kwenye nafasi finyu yenye mafuta na mishipa midogo ya damu, na ndani ya sindano hiyo hupitishwa mpira mwembamba ambao hubaki mgongoni baada ya sindano kutolewa, ukabandikwa kwa plasta hadi begani. Kwa kuwa dawa inabidi ipenye utando ndipo izifikie neva, kipimo chake ni kikubwa zaidi, mara nyingi mililita 15 hadi 20 kwa ajili ya upasuaji, nayo huingizwa kidogo kidogo na huhitaji dakika 15 hadi 30 kukolea. Faida yake iko kwenye ule mpira. Dawa ikipungua huongezwa. Upasuaji ukirefuka, mama haachwi njiani. Na ukimalizika, mpira huo huo unaweza kutumika kutuliza maumivu ya kidonda kwa siku ya kwanza au ya pili, mahali palipo na wauguzi wa kutosha kuusimamia.

Upasuaji uliopangwa kwa kawaida huchukua saa moja hivi, na ndiyo maana wataalamu wengi huuchagulia sindano ya uti wa mgongo: huanza haraka, ganzi yake hukolea vizuri zaidi na ni ya kutegemewa, na dawa inayoingia mwilini ni ndogo. Epidurali hupata nafasi yake penye sababu. Mama mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye mwili wake hauwezi kustahimili presha kushuka ghafla, hunufaika na ganzi inayopandishwa polepole. Mama aliyepasuliwa mara nyingi, ambaye viungo vya tumbo lake vimegandamana kwa makovu, au ambaye kondo limejichimbia kwenye kovu la zamani, anaweza kuhitaji ganzi inayoweza kuongezwa, kwa maana upasuaji wake unatarajiwa kuwa mrefu. Ipo pia njia ya kuziunganisha zote mbili, ambapo sindano nyembamba hupitishwa ndani ya ile nene, ganzi ya haraka ikapatikana kwanza na mpira ukaachwa kwa tahadhari. Kwa hiyo mama aliyeomba epidurali akapewa sindano ya uti wa mgongo hakudhulumiwa tiba; amedhulumiwa maelezo tu, na maelezo yenyewe, kama msomaji anavyoona, hayakosi kueleweka na mtu yeyote mzima aliyeketi kusikiliza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Ganzi ya mgongoni huondoa maumivu, lakini haiondoi kila hisia. Mama huwa macho. Husikia akiguswa, ngozi ikivutwa, na mtoto anapotolewa husikia mgandamizo mzito juu ya tumbo, kama mtu anayevuta shuka kutoka chini ya mwili wake. Asiyeambiwa mapema hushtuka na kudhani kwamba ganzi imeshindwa. Aliyeambiwa hutambua kinachoendelea, akavuta pumzi na kumsubiri mwanawe. Lakini yupo pia mama ambaye ganzi yake kweli haikukolea, au imeanza kuisha na kidonda bado hakijafungwa, na anaposema anaumia huambiwa kwamba huko ni kuvutwa tu, avumilie, karibu wanamaliza. Maneno hayo nimeyasikia yakitoka kwa watu wema waliokusudia kumtia moyo. Hata hivyo hakuna mama anayepaswa kulipia mtoto wake kwa maumivu ya kisu, na yule aliyeumia kisha akanyamazishwa hubaki na hofu inayokaa muda mrefu kuliko kidonda: hukosa usingizi, hukwepa kuizungumzia siku ambayo wengine wanampongeza kwayo, na mimba nyingine ikija huipokea kwa woga.

Mwaka 2022 wataalamu wa ganzi ya uzazi wa Uingereza walichapisha mwongozo mahsusi juu ya maumivu wakati wa upasuaji wa kujifungua. Kiini chake ni kwamba mama aelezwe mapema kuwa maumivu yanaweza kutokea, ganzi ipimwe ipasavyo kabla ya kukata, na mama akisema anaumia aaminiwe na apatiwe tiba hapo hapo, ikiwa ni pamoja na kupewa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi kabisa, ikibidi. Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Mtaalamu hugusa mwili wa mama kwa kitu cha baridi, kwa mguso mwepesi pia, kuanzia miguuni akipanda, huku akimuuliza anasikia nini, na hisia ya baridi inatakiwa iwe imepotea pande zote mbili hadi usawa wa chuchu. Mama huweza kujiuliza kwa nini ganzi ipande kifuani ilhali kisu kitapita chini ya kitovu. Jibu ni kwamba utando wa ndani ya tumbo na viungo vinavyoguswa hupata neva zake kutoka juu zaidi kuliko ngozi inayokatwa. Akilijua hilo, hatajibu kwa kukisia wala kwa kutaka kuwaridhisha wanaomsubiri. Akiumia katikati ya kazi, mpasuaji anaweza kusimamisha mkono hali ikiruhusu. Mwenye epidurali huongezewa dawa kupitia mpira, na mwenye sindano ya mara moja hupewa dawa ya mshipani au ganzi ya kuchomwa kwenye kidonda chenyewe, na hayo yasipotosha hulazwa kwa nusukaputi. Njia zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni sentensi moja ya kumwambia mama tangu kliniki: ukiumia sema, nasi tutakusikiliza.

Ubishi juu ya iwapo mama anayejifungua anastahili kutulizwa maumivu si wa leo. Daktari James Young Simpson alipoanza kutumia etha na kisha klorofomu, dawa za kuvuta puani za kuondoa maumivu, kwa wazazi huko Edinburgh mwaka 1847, walikuwapo madaktari na watu wa dini waliompinga, na upinzani huo ulipungua nguvu baada ya Malkia Victoria kupewa klorofomu na daktari John Snow alipojifungua mwaka 1853. Daktari August Bier alitia ganzi ya uti wa mgongo kwa ajili ya upasuaji nchini Ujerumani mwaka 1898, na Fidel Pagés, mpasuaji wa jeshi la Uhispania, akaeleza ganzi ya epidurali ya kiunoni mwaka 1921. Yaani ujuzi huu umekuwapo mikononi mwa binadamu kwa zaidi ya karne moja, na dawa zake za msingi, bupivakeini ya kutia ganzi na mofini ya kutuliza maumivu zikiwamo, zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu ambazo kila mfumo wa afya unapaswa kuwa nazo.

Akina mama huja na hofu zao, nazo nyingi ni za haki. Inayotangulia ni mgongo: wanasema sindano hii humwachia mtu maumivu ya mgongo maisha yake yote. Sehemu iliyochomwa huweza kuuma kwa siku chache, hilo ni kweli. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kwa upande mwingine, ni ya kawaida baada ya ujauzito, kwa waliochomwa na kwa wasiochomwa, na tafiti zilizowalinganisha hazikuiona epidurali kuwa chanzo chake. Mimba iliyobebwa kwa miezi tisa, viungo vilivyolegea na kuinama juu ya mtoto usiku kucha vina maelezo yanayotosha zaidi. Hofu ya kupooza ni nzito kuliko hiyo. Madhara ya kudumu ya neva ni nadra sana, na mengi ya yale yanayoogopwa, kama damu kuvilia karibu na neva au usaha kujikusanya humo, hukingwa kwa kuuliza historia ya mama mapema, kupima damu pale inapohitajika, na usafi mkali wakati wa kuchoma.

Maumivu ya kichwa yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hutokea kweli na kwa sababu wengi hukaa nayo nyumbani wakidhani ni uchovu. Utando unaohifadhi maji ya uti wa mgongo ukitobolewa, maji huweza kuvuja na kichwa kikauma sana mama anapoketi au kusimama, kikapoa anapolala chali. Sindano ya uti wa mgongo hutoboa utando kwa makusudi, lakini ni nyembamba na ncha zake za siku hizi hupenya bila kukata, kwa hiyo kichwa hiki hakiwapati wengi. Epidurali haikusudii kutoboa utando kabisa; hata hivyo hutokea kwa bahati mbaya kwa karibu mama 1 kati ya 100, na kwa kuwa sindano yake ni nene, zaidi ya nusu ya waliopatwa na ajali hiyo huumwa kichwa. Tiba ipo: maji, dawa za maumivu, na hali isipotulia, mtaalamu huchukua damu ya mama mwenyewe, yapata mililita 20, akaiingiza kwenye nafasi ile ile ya epidurali ili izibe tundu. Wengi hupata nafuu upesi. Kinachohitajika ni mama ajue kwamba kichwa cha namna hiyo, kinachokuja na kuketi na kuondoka na kulala, ni cha kurudi nacho hospitali, hasa kikiambatana na homa, shingo kukakamaa, kuona maruerue au udhaifu wa viungo.

Presha kushuka ni jambo la dakika za mwanzo, nalo ni la kawaida zaidi kuliko yote niliyoyataja. Mama husikia kichefuchefu, kizunguzungu, au kwamba anataka kuzimia. Wahudumu huwa wamejiandaa kwa dripu, kwa dawa ya kupandisha presha, na kwa kumwinamisha kidogo upande wa kushoto ili uzito wa mimba usibane mishipa mikubwa ya damu. Kutetemeka nako huonekana mara nyingi na hupita. Ama kuhusu mtoto, kiasi cha dawa kinachomfikia kutokana na ganzi ya mgongoni ni kidogo mno kikilinganishwa na nusukaputi. Naongeza hapa jambo ambalo wachache hulikumbuka: vile vipimo vya mtoto mchanga ambavyo huandikwa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa vilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani, ambaye alikuwa akiwaangalia watoto ambao mama zao walipewa dawa katika kujifungua. Wataalamu wa fani hii walianza zamani kumwangalia mtoto.

Je, si rahisi zaidi mama kulazwa usingizi kabisa, aamke akute mambo yamekwisha? Swali hili huulizwa na wengi, na sitaki kulidharau, kwa maana wapo ambao nusukaputi ndiyo njia yao sahihi. Tatizo ni kwamba mjamzito si mgonjwa wa kawaida kwa mtaalamu wa usingizi. Tumbo lake husukuma vyakula juu, koo lake huwa limevimba, na hewa ya akiba mapafuni mwake huisha haraka. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha maelezo ya wazazi 66, kati ya zaidi ya 44,000, ambao vilivyokuwamo tumboni viliingia mapafuni wakiwa usingizini, na ni kutokana na kazi hiyo kwamba kufunga kula kabla ya upasuaji kulitiliwa mkazo. Kwa upasuaji uliopangwa, siku hizi mama huzuiwa chakula kwa saa 6 na maji matupu kwa saa 2. Mtu kukaa na kiu tangu jioni ya jana hadi adhuhuri hakumwongezei usalama, na ningependa wodi zote zilitazame hilo. Ganzi ya mgongoni humwacha mama akijipumulia mwenyewe, akamsikia mtoto akilia, akamshika kifuani ngozi kwa ngozi na kuanza kumnyonyesha mapema, jambo ambalo aliyelazwa usingizi hulisubiri mpaka azinduke.

Wapo wasiofaa kuchomwa mgongoni, na hapa ndipo umuhimu wa kuzungumza mapema unapodhihirika kuliko mahali pengine popote. Mwenye damu isiyoganda vizuri, mwenye chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazoisaidia kuganda, zilizoshuka sana kwa mfano kutokana na presha kali ya mimba, mwenye jipu au maambukizi mahali pa kuchomwa, na aliyepoteza damu nyingi, hawa hutafutiwa njia nyingine. Mama anayechoma heparini kuzuia damu kuganda anatakiwa aiache kwa muda maalumu kwanza: kwa ile ya kisasa, saa 12 baada ya kipimo cha kinga na saa 24 baada ya kipimo cha tiba. Aliyeulizwa kliniki hupangiwa saa yake ya mwisho ya kuchoma dawa na kila kitu kikaenda kwa utaratibu. Aliyeulizwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji hujikuta ama anarudishwa wodini na njaa yake, ama analazwa usingizi ambao haukuwa wa lazima. Vivyo hivyo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, kwa mwenye mzio wa dawa, na kwa yule ambaye ganzi ilimshinda katika uzazi uliopita na hakuna aliyeandika.

Baada ya kidonda kufungwa, habari ya ganzi haijaisha, ingawa wengi wetu huiacha hapo. Pamoja na dawa ya ganzi, mtaalamu huweza kutia mofini kidogo sana kwenye sindano ya uti wa mgongo, kwa kawaida maikrogramu 100 hadi 150, ambayo huendelea kupunguza maumivu hadi yapata saa 24. Huleta muwasho na kichefuchefu kwa baadhi ya watu, na kwa nadra hupunguza kasi ya kupumua, ndiyo maana mama aliyepewa lazima aangaliwe upumuaji wake usiku huo. Juu ya hiyo, parasetamoli na ibuprofeni zikitolewa kwa saa zake, bila kusubiri mama aanze kulia, hufanya kazi kubwa kuliko zinavyodhaniwa, mradi hana ugonjwa unaomzuia kuzitumia. Kodeini na tramadoli, ambazo nazo ni dawa za maumivu, ni habari nyingine: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe na mama anayenyonyesha, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huzibadilisha haraka mno na mtoto akapata dawa nyingi kupitia maziwa.

Nimeona mara nyingi mama akinyimwa dawa, au akijinyima mwenyewe, kwa imani kwamba itamharibia maziwa au itamzoesha. Matokeo yake ni kwamba hainuki kitandani, ilhali kutembea mapema humkinga na damu kuganda miguuni, hakohoi vizuri, hamudu kumgeuza mtoto upande wa pili anyonye. Anayekaa bila kujisogeza kwa kuwa kidonda kinamkata huchelewa kupona katika kila jambo tunalomtazamia. Kwa hiyo mpango wa dawa za siku mbili za mwanzo uandikwe pamoja na mpango wa ganzi, kabla ya upasuaji, na mama aujue, ili usiku muuguzi wa zamu akiwa na wagonjwa wengi yeye mwenyewe aweze kukumbusha saa ya dawa yake bila kuonekana msumbufu.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kila mama anapopewa tarehe, apewe pia miadi ya kuonana na mtaalamu wa usingizi, au mahali ambapo wataalamu hao ni wachache, aelezwe na mkunga aliyefundishwa jambo hili vizuri, kwa lugha anayoielewa, pamoja na mwenzi wake au ndugu atakayemsindikiza kama anapenda. Aulizwe magonjwa yake, dawa zake na uzazi wake uliotangulia. Aambiwe ni ganzi gani anayopangiwa na kwa nini si nyingine. Aambiwe kuvutwa na kugandamizwa kunavyosikika, na kwamba maumivu ni jambo jingine linalotakiwa kusemwa. Aachiwe nafasi ya kukataa na ya kubadili mawazo. Fomu ya ridhaa isainiwe hapo, na siku ya upasuaji ibaki kuwa ya kuthibitisha tu. Wanaotunga mitaala ya wakunga nao walitazame, kwa kuwa wengi wetu hufundishwa vizuri sana habari za uchungu wa kuzaa na kidogo sana habari za ganzi ya upasuaji, ilhali sisi ndio ambao mama hutugeukia kwanza.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba ukurasa wa afya wa gazeti lako uwape wataalamu wa usingizi nafasi ya kujibu maswali ya wasomaji kuhusu epidurali na sindano ya uti wa mgongo. Tunawajua madaktari wa upasuaji kwa majina, lakini hawa ambao hukaa kichwani pa mama tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi ni mara chache kusikika. Nafasi hiyo ikipatikana, ningeshukuru wakianza na swali ambalo akina mama huniuliza kuliko yote siku ile wanapopewa tarehe: ganzi ikiisha usiku nikiwa peke yangu na mtoto, nimwite nani, na atanipa nini?

Wako mwaminifu,
Mkunga, wodi ya wazazi